Stesheni ya Grosmont: maswali yanayoulizwa kila msimu

Kila majira ya joto yakikaribia, simu huanza. Mmoja yuko Leicester na watoto wanne, mwingine ametoka Mombasa kumtembelea binti yake Middlesbrough, na wote wamesikia kuna kijiji Yorkshire ambako gari moshi la zamani bado linapiga honi. Wengi hupiga wakiwa tayari wamesimama kwenye jukwaa, mkononi wana tiketi isiyowafaa. Haya ndiyo wanayouliza, na haya ndiyo majibu.

## Kwanza kabisa

Grosmont ni wapi, na jina lake linatamkwaje?

Ni kijiji kidogo kaskazini mwa Yorkshire, Uingereza, ndani ya hifadhi ya taifa ya North York Moors. Kiko bondeni, pale mto Murk Esk unapoingia katika mto Esk, kilomita kama kumi kutoka mji wa pwani wa Whitby. Jina ni la Kifaransa, limetokana na watawa wa Grandmont waliokuwa na nyumba yao hapa zama za kati. Herufi s haitamkwi: sema "Gro-mont". Ukiitamka s utaeleweka, ila wenyeji watajua umefika leo.

Mbona wengine husema kuna stesheni mbili? Mimi naona moja.

Stesheni ni moja, reli ni mbili. Hili ndilo jambo la kushika kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu karibu kila tatizo la mgeni linatokana nalo.

Jukwaa namba 1 ni la Esk Valley Line, njia ya kawaida ya reli ya taifa inayotoka Middlesbrough kwenda Whitby. Treni zake ni za kampuni ya Northern: za dizeli, mabehewa mawili matatu, bila mbwembwe. Hizi ndizo treni za watu wa bondeni. Wanafunzi huzipanda asubuhi kwenda shule Whitby, na wengine huenda nazo hospitali au sokoni.

Majukwaa ya 2 hadi ya 4 ni ya North Yorkshire Moors Railway, ambayo kila mtu huiita NYMR. Hii ni reli ya kumbukumbu yenye vichwa vya mvuke na mabehewa ya miaka ya katikati ya karne iliyopita. Inamilikiwa na taasisi ya hisani, na inaendeshwa na wafanyakazi wachache wa kulipwa pamoja na mamia ya watu wanaojitolea. Yule mzee aliyevaa kofia ya mkuu wa stesheni huenda ni mwalimu mstaafu.

Ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Zinasalimiana na kupishana, lakini kila moja ina jiko lake.

Nikitoka London au Leeds nafikaje?

Kutoka London panda treni King's Cross hadi Darlington, badili kwenda Middlesbrough, kisha panda ya Whitby. Itakuchukua sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo usipange kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukiwa na watoto.

Anayetoka Leeds au York ana njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Basi la Coastliner namba 840 hupita York na Malton hadi Pickering, ambako ndiko reli ya mvuke inakoanzia upande wa kusini. Unaingia Grosmont kwa mvuke na kuondoka kwa dizeli, au kinyume chake. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo safari nzuri kuliko zote.

## Tiketi na ratiba

Nimenunua tiketi ya Northern. Naweza kuipandia treni ya mvuke?

Hapana. Wala ya NYMR haikubaliki kwenye treni ya Northern, hata kama zote mbili zinakwenda Whitby na zinapita juu ya reli zile zile. Kondakta hatakufokea, atakueleza kwa upole kwamba unatakiwa kulipa tena, na utalipa.

Tiketi ya Northern unaipata popote zinapouzwa tiketi za reli ya taifa, na kwenye simu ndiyo rahisi zaidi. Ya NYMR inauzwa na wenyewe, kwenye tovuti yao au dirishani hapo stesheni. Siku za likizo za shule kata mapema, kwani viti hujaa.

Basi kama zote zinakwenda Whitby, nipande ipi?

Inategemea unataka kufika au unataka kusafiri. Mwendo haupishani sana, ni dakika kama ishirini hivi. Nauli ya Northern kwa kawaida ni ndogo zaidi. Na mandhari ni yale yale: mto Esk unauvuka mara kwa mara, kushoto, kulia, tena kushoto, mpaka unachoka kuhesabu madaraja.

Watu huidharau ile dizeli kwa sababu haipendezi kwenye picha. Mimi naiona tofauti, na sababu iko kwenye swali la kufungwa kwa reli huko chini.

Treni za kawaida ni ngapi kwa siku?

Ni chache. Hazifiki kumi kila upande, na Jumapili hupungua. Usije na mazoea ya Nairobi au Dar kwamba ukikosa gari hili lingine linafuata, maana hapa pengo kati ya treni na treni laweza kuwa saa mbili au zaidi. Tazama ratiba ya siku yenyewe, si ya wiki iliyopita, na andika pembeni saa ya treni ya mwisho.

Tumefika Battersby treni ikaanza kurudi tulikotoka. Imeharibika?

La, haijaharibika. Zamani njia iliendelea mbele kutoka Battersby kupita Stokesley hadi Picton. Treni za abiria za upande huo zilikoma mwaka 1954, na tangu hapo Battersby imebaki kama kichochoro: treni inaingia, dereva anashuka, anatembea hadi mwisho mwingine, na safari inaendelea kwa kuelekea upande wa pili. Aliyekaa akitazama mbele sasa anatazama nyuma. Usihangaike kuhama kiti.

Dereva kashuka tena, kaingia kwenye kijumba kando ya jukwaa. Anatafuta nini?

Anachukua ruhusa. Sehemu kubwa ya Esk Valley ina reli moja tu, na treni mbili zikikutana uso kwa uso ni maafa. Kwa hiyo kila kipande cha njia kina tokeni yake, kitu kama ufunguo, na hakuna treni inayoingia kipande hicho bila dereva kuwa nayo mkononi. Tokeni ya pili haitoki kwenye mashine mpaka ya kwanza irudishwe.

Kwenye reli nyingi kazi hii hufanywa na mtu wa ishara aliyekaa kwenye kibanda chake. Huku dereva anaifanya mwenyewe, kwenye stesheni kama Battersby na Glaisdale, baada ya kuzungumza kwa simu na kibanda cha Nunthorpe. Wazee waliofanya kazi reli ya kati Tanzania au njia ya Nairobi kwenda Kisumu watacheka, kwani tokeni waliziona wao miaka mingi.

## Treni za mvuke

Zinatembea mwaka mzima?

Hapana. Msimu wao huanza majira ya kuchipua na kuishia vuli, kisha kuna safari za Krismasi na siku chache maalumu. Wakati wa baridi mafundi wako kwenye karakana na reli inatengenezwa. Mgeni anayekuja Februari atapata jukwaa namba 1 peke yake.

Nimelipia mvuke nikaletewa dizeli. Nimedhulumiwa?

Soma ratiba vizuri, maana huonyesha ni safari zipi zimepangiwa mvuke na zipi dizeli. Lakini kuna siku mpango hubadilika, na sababu mara nyingi ni ukame. Kichwa cha mvuke hutema cheche, na milima ya hapa imefunikwa mheza, vichaka vifupi ambavyo Waingereza huviita heather, ambavyo vikikauka huwaka kama makuti. Moto ukishika, udongo wa mboji nao huungua chini kwa chini siku nyingi. Kwa hiyo jua likiwaka wiki kadhaa mfululizo, mvuke hupumzishwa na dizeli hushika zamu. Ajabu ya reli hii ni kwamba mgeni anayeombea jua kali anaweza kujinyima moshi aliousafiria.

Inakwenda mpaka wapi?

Kutoka Grosmont kwenda kusini hadi Pickering ni kilomita 29. Njiani kuna Goathland, Newton Dale na Levisham. Newton Dale ni kituo cha porini, hakuna barabara wala duka, na treni husimama ukiomba tu: mwambie kondakta mapema kama unashuka, au nyoosha mkono kama unapanda. Upande wa kaskazini, tangu mwaka 2007, kuna safari za kawaida za msimu hadi Whitby, jambo linaloifanya safari nzima kuwa karibu kilomita 39.

Usitegemee kasi. Kwenye njia yao wenyewe mwisho ni kilomita 40 kwa saa. Kichwa kiitwacho Sir Nigel Gresley, kilichojengwa Doncaster mwaka 1937 na ambacho kwa miaka mingi makao yake yalikuwa hapa, kilifika kilomita 180 kwa saa mwaka 1959 kwenye njia kuu. Kikiwa huku kinatembea kama mzee anayetoka msikitini.

Kwa nini vichwa vingine haviendi Whitby?

Kwa sababu kutoka Grosmont hadi Whitby ni reli ya taifa, na sheria zake ni zile zile za treni ya kwenda London. Kichwa lazima kiwe na redio inayotakiwa na mitambo ya kukisimamisha chenyewe kikipita taa nyekundu. Kukifunga mitambo ya leo kichwa cha mwaka 1904 ni kazi na ni gharama, ndiyo maana vinaandaliwa vichache tu. Vilivyobaki vinakula mlima wa Goathland.

Mlima gani huo?

Ukiwa Grosmont, simama karibu na kivuko cha barabara treni ya Pickering inapoondoka. Kutoka hapo hadi Goathland njia inapanda mita moja kwa kila mita 49. Kwa gari la barabarani si kitu, lakini magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma, tena iliyolowa, ni habari nyingine. Utasikia kichwa kikipumua kwa nguvu, pumzi moja moja nzito, na pengine magurudumu yakizunguka bure na pumzi zikimwagika ghafla kama mtu aliyeteleza. Dereva hupunguza mvuke, mchanga unanyunyizwa kwenye reli, wanaanza upya.

Hapo hapo ndipo unapoona kazi ya yule mwenzake anayetia makaa. Dereva hupungiwa mikono na watoto. Huyu hana hata nafasi ya kuinua kichwa.

Ndiyo ile stesheni ya filamu ya yule mtoto mchawi mwenye miwani?

Hiyo ni Goathland, kituo kinachofuata. Grosmont haikupigwa picha hiyo. Ukiambiwa vinginevyo na mjomba wako, mpende lakini usimfuate.

Vichwa hivi vinafanana na vile vya kwetu?

Kwa damu, ndiyo. Kwa umbo, si sana. Vile vikubwa vya Afrika Mashariki, Garratt za daraja la 59, navyo vilitengenezwa Uingereza, kwa Beyer Peacock wa Manchester, katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34, kila kimoja kizito tani 252, vikapewa majina ya milima. Namba 5918, Mount Gelai, kipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Ukikiweka kando ya vichwa vya Grosmont, vya Grosmont vitaonekana vitoto.

Lakini kisingeweza kutembea hapa. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa mita moja, na hii ya Grosmont ni milimita 1,435. Huo ndio upana wa SGR ya Mombasa na ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo reli hii ya farasi ya miaka karibu mia mbili na SGR yetu mpya zimepimwa kwa kamba moja.

## Historia kidogo

Umesema "reli ya farasi"?

Ndiyo. Njia ya Whitby na Pickering ilisanifiwa na George Stephenson, yule yule bingwa wa mvuke, lakini mwanzoni mabehewa yalivutwa na farasi. Kipande cha Whitby hadi Grosmont kilifunguliwa mwaka 1835, na njia yote mwaka 1836. Kijiji chenyewe wakati huo kiliitwa Tunnel, yaani Handaki, maana handaki lilitangulia na nyumba zikafuata.

Pale Fen Bog, kwenye kinamasi kilichomeza kila walichokitupa, walijaza magogo na vifurushi vya mheza vilivyofungwa kwa ngozi za kondoo, wakalaza reli juu yake. Treni bado zinapita hapo. Na Beck Hole, ambako mlima ulimshinda farasi, mabehewa yalivutwa kwa kamba. Mvuke ulikuja mwaka 1847, ila kamba ilibaki mpaka mwaka 1864, ilipokatika na watu wawili wakafa. Mwaka uliofuata njia mpya ya kuzunguka ikafunguliwa, ndiyo hiyo yenye mlima tuliousikia.

Naona mahandaki mawili kando kando. Naweza kuingia?

Dogo, ndiyo. Hilo ndilo la farasi, lenye mlango kama wa ngome, na sasa ni njia ya miguu inayokupeleka hadi kwenye mabanda ya vichwa, ambako unaweza kutazama mafundi wakifanya kazi. Inua mkono ndani yake uone lilivyo finyu. Kubwa lilichimbwa kwa ajili ya mvuke na treni zinapita, usilisogelee.

Wenye miguu mizuri huendelea mbele. Njia ya asili, ile ya farasi, ni barabara ya miguu hadi Beck Hole na Goathland, kilomita tano na nusu hivi. Panda treni hadi Goathland halafu rudi kwa miguu, kwa kuwa hivyo unateremka.

Kweli palikuwa na viwanda hapa? Mbona pamenyamaza hivi?

Palikuwa. Uchimbaji wa reli ulifichua mawe ya chuma, na baadaye matanuri yakawaka hapa kijijini hadi mwaka 1891. Ni vigumu kuamini ukisikia kondoo tu.

Reli ilifungwa lini, na ilifufukaje?

Mwaka 1963 serikali ilitoa ripoti ya Beeching, iliyotaka kufungwa kwa maelfu ya kilomita za reli zisizolipa. Njia zote za kwenda Whitby zilikuwa kwenye orodha. Machi 1965 mbili zikafungwa: ya Scarborough, na hii ya kupitia Pickering. Esk Valley ilinusurika, kwa sababu barabara za bondeni ni mbaya wakati wa baridi na watoto walihitaji kufika shule.

Mwaka 1967 wapenzi wa reli wakaunda chama cha kuiokoa ile ya Pickering, na mwaka 1973 treni zikaanza tena. Watu husimulia sehemu hii kwa fahari, na wana haki. Lakini fikiria: kama ile treni ya wanafunzi ingefutwa nayo, reli ya mvuke ingeishia Grosmont, na bahari ingebaki kilomita kumi mbele. Kinachowafikisha watalii Whitby ni reli waliyoachiwa wanakijiji. Kila ninapomsikia mtu akiiita dizeli ya Northern "basi la bati" humkumbusha hilo.

## Mambo ya pembeni

Nina mzazi anayetumia kiti cha magurudumu.

Piga simu NYMR kabla ya siku. Mabehewa ya zamani yana milango myembamba na kidato kirefu, lakini wanalo behewa lililotayarishwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, ila haliko kwenye kila treni. Kwa treni ya Northern, omba msaada mapema kupitia huduma ya abiria ya reli ya taifa. Usimteremshe Newton Dale.

Masizi yanachafua nguo?

Kanzu nyeupe iache nyumbani. Ukichungulia dirishani utapata chembe ya makaa jichoni, na kutoa kichwa nje ni hatari kwa sababu madaraja yako karibu.

Makaa yanatoka wapi siku hizi?

Migodi ya Uingereza karibu yote imefungwa, kwa hiyo reli za kumbukumbu hutegemea makaa ya kuagiza kutoka nje. Bonde hili liko jirani na Durham, nchi ya makaa. Hapa kuna kichwa namba 29 cha mwaka 1904 ambacho maisha yake yote ya kazi kilivuta makaa ya Durham. Siku hizi kikiwashwa kinachoma ya wageni.

Kivuko cha barabara kimefungwa na treni yangu iko upande wa pili!

Subiri. Barabara ya kijiji inakatiza juu ya reli za NYMR, na mageti yakishafungwa hayafunguliwi kwa ajili yako, hata ukilia. Tena kufungwa huko kwaweza kuchukua muda, maana vichwa huenda na kurudi kati ya stesheni na mabanda. Kama unatoka kutazama mafundi na unataka dizeli ya jukwaa namba 1, anza kurudi robo saa kabla.

Nimeikosa treni ya mwisho. Nifanyeje?

Angalia kwanza kama ni ya mwisho ya Northern au ya NYMR, kwa maana huwa hazikomi kwa wakati mmoja. Pengine nyingine bado ipo, na utanunua tiketi ya pili (tazama swali la tiketi hapo juu). Kama zote zimekwisha, ita teksi kutoka Whitby mapema, kabla madereva hawajalala. Mtandao wa simu bondeni ni wa kubahatisha, kwa hiyo ingia Station Tavern, ile baa mkabala na stesheni, uombe kupiga simu. Hata kama hunywi, hawatakufukuza. Agiza chai.